Maneno Arobaini ya Nuru

Aliutua mzega mbele ya ngazi, madebe yote mawili yamejaa pomoni, wala hakuyamimina kwenye mtungi kama alivyofanya kila asubuhi kwa siku thelathini na tisa. Alisimama pale na jasho lake, akanitazama.

"Trining," alisema. "Hebu niambie. Mimi ni nani katika nyumba hii?"

Nilikuwa juu, nimekanyaga kumbi la nazi kwa mguu mmoja, naliburuza huku na huku kung'arisha sakafu ya mbao. Mguu uliganda. Jamani, nilijua siku hiyo ingefika, ila nilikuwa nimejidanganya kwamba ingekuja polepole.

"Wewe ni Eleuterio Dumlao," nikamjibu, najifanya hamnazo. "Mtafiti wa maneno kutoka Manila. Kipenzi cha Lola Upeng."

"Usinichezee."

"Nani anakuchezea?"

"Kisimani yule mzee Mang Duroy kanipa mkono. Ananiambia, 'Kijana, tangu nilipoposa mimi sijaona mkwe mchapakazi kama wewe.' Nikacheka, nikadhani utani. Wanawake waliokuwa wakifua wakaacha kufua, wakanikodolea macho. Ndipo nikauliza, mkwe wa nani? Trining, kisima kizima kilicheka mpaka mmoja akadondosha sabuni majini!"

Nilishika nguzo ya ngazi.

Ngoja niseme kosa langu mwenyewe kabla wengine hawajalisema kwa kulitia chumvi. Kwetu San Gaspar, huku milimani Tayabas, mwanamume akimtaka binti wa watu haji na maneno matamu. Anakuja na shoka. Atachanja kuni za kwao, atateka maji, atatwanga mpunga, ataezeka paa, mpaka wazazi waridhike au yeye achoke. Wakiridhika, anawaleta wazee wake na vyakula vilivyopikwa, wanapanda ngazi, wanaposa. Kila mtu anajua hilo. Kila mtu isipokuwa Eleuterio, Teryo kwa kifupi, ambaye alizaliwa Ilocos lakini akapelekwa bweni la mapadri Manila akiwa na miaka saba, akalelewa na vitabu.

Alikuja kwetu baada ya mavuno na daftari lenye jalada jeusi. Alikuwa anakusanya maneno ya nuru katika lugha za visiwa vyote: mwanga, mng'ao, mwale, mmeto, kila aina. Akaambiwa San Gaspar kuna bibi mmoja, Lola Upeng, mtunga mashairi ya sikukuu ya Bikira, mwenye maneno ambayo hata padri hayajui. Bibi huyo ni wangu. Bibi yangu akamtazama kijana kuanzia viatu hadi nywele, kisha akanitazama mimi, kisha akasema, "Neno moja kwa siku. Na silitoi bure. Kuni zimetuishia."

Masikini wa Mungu, akalichukua shoka.

Siku ile ile mtaa mzima ulijua kwamba Trining wa Mang Karyo ana mposaji. Na mimi nilijua kwamba yeye hajui. Nikanyamaza. Siku ya pili nikanyamaza. Ya tatu vilevile.

"Ulijua?" Teryo aliniuliza sasa. Sauti ilikuwa imeshuka, na hiyo iliniuma kuliko angenifokea.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kipande cha kwanza cha ukuni."

"Siku thelathini na tisa!" Alishika kichwa. "Kijiji kizima kinaniita mkwe, na mimi najiona msomi. Nikipita na mzega watu wananisalimia kwa heshima, nasema moyoni, watu wa huku wana adabu. Kumbe mimi ndiye kichekesho!"

"Kabla ya leo hakuna aliyekucheka."

"Wewe je? Hukucheka?"

"Mimi?" Hapo machozi yalinitoka bila ruhusa yangu. "Teryo, ningekucheka vipi? Ningekwambia, ungeona haya, ungefunga sanduku siku ile ile. Unakumbuka siku ya nne, Lola alipokupa neno *aninag*? Akakuweka nje ya dirisha, akanifungia mimi ndani, akasema, haya, mtazame kupitia kioo cha gamba la chaza, unachokiona ni kivuli chenye nuru yake, hicho ndicho *aninag*. Wewe ulikuwa unaandika. Mimi nilikuwa nakutazama. Kuanzia hapo sikuweza tena kusema. Nilitaka kesho yake uje. Basi. Kila siku nilitaka tu kesho yake uje."

Aliinua macho, akanitazama kwa muda ambao hata leo siwezi kuupima, na nilidhani atapanda ngazi. Lakini alitikisa kichwa.

"Ungeniuliza, Trining. Mtu anaulizwa. Hatumikishwi gizani."

Alikuwa na haki, na ndiyo maana nilikasirika. "Haya basi nenda! Basi la Lucena linapita saa sita. Leo ndiyo siku ya arobaini, Lola amekuahidi neno la mwisho, lichukue uende zako! Narding wa mashine ya mpunga yupo, atanioa kwa huruma!"

Nanay, mama yangu, alikuwa jikoni akisikiliza kila kitu. Alitokeza na mwiko mkononi.

"Na atakuoa kweli!" alisema. "Nilisema mimi. Nilisema tangu mwanzo, huyu kijana hana shamba, hana hata nyati mmoja, ana daftari. Sasa akiondoka, nani mwingine atakanyaga ngazi hii? Watasema alikaa siku arobaini, akaona aibu gani ndani ya nyumba hiyo, akakimbia? Trining, umenimaliza."

Ndivyo ilivyo kwetu. Mwanamume akitumikia nyumba halafu akaondoka bila kuposa, lawama haimwandami yeye. Inambakia binti. Teryo alimtazama Nanay, akanitazama mimi, na niliona uso wake ukibadilika.

"Hilo sikulijua," alisema.

"Hukujua mengi," nikamjibu, nikafuta pua kwa kanga ya jikoni.

Kabla hajajibu, Tatay, baba yangu, alitokea kwenye njia ya minazi, panga kiunoni, na nyuma yake Mang Duroy, na nyuma ya Mang Duroy wale wanawake wote wa kisimani, nguo mbichi mabegani, hata hawakuona haya kujifanya wanapita. Tatay wangu, Mang Karyo, si mtu wa maneno mengi. Tangu mwanzo hakumtaka Teryo. Alimpa kisima cha chini, chenye ngazi mia na kitu za mawe, wakati cha juu kilikuwa na maji. Alimpa kisiki cha mkaratusi kilichowashinda wanaume wawili. Alitaka achoke. Sababu yake alimwambia Nanay usiku mmoja akidhani nimelala: Ilocos ni mbali, na mtoto tunaye mmoja.

"Nimesikia mambo kisimani," Tatay alisema. "Ni kweli, kijana? Ulikuwa hujui unachofanya katika nyumba yangu?"

"Ni kweli, Mang Karyo. Sikujua."

Wanawake walivuta pumzi kwa pamoja.

"Basi siku zote hizo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nalipia maneno."

"Maneno." Tatay alilitamka kana kwamba ni mdudu ameingia mdomoni. Alinyoosha mkono. "Lete hilo daftari."

Hapo Teryo alipoteza rangi. Nilimwona kwa macho yangu. Kisiki hakikumtisha, kisima hakikumtisha, lakini daftari alilishika kifuani kwa mikono yote miwili.

"Mang Karyo, hii ni kazi ya kitaalamu tu, haina…"

"Lete."

Akampa. Tatay alisoma miaka minne tu, na anasoma kwa sauti, neno baada ya neno, kidole kikifuata mstari, sauti moja isiyopanda wala kushuka, kama anayesoma tangazo la mnada wa ng'ombe. Alifungua ukurasa.

"*Banaag*. Mwanga hafifu unaotangulia alfajiri. Mfano wa matumizi." Akasogeza kidole. "T. anapofungua dirisha la jikoni, kabla hajajua kwamba nimefika."

Mang Duroy alikohoa.

"*Kinang*," Tatay aliendelea. "Mng'ao wa kitu kilichosuguliwa. Mfano. Sakafu anapopita T. Kumbuka: sakafu nyingine za kijiji hiki hazina."

"Ala!" alisema mwanamke mmoja. "Sakafu yangu ina nini?"

"Nyamaza, Sidra, asome!"

"*Sinag*. Mwale. Wamalei ng'ambo husema *sinar*, ni ndugu wa damu. Mfano. T. akicheka. *Ningning*. Mmeto wa kitu kidogo kinachoonekana kutoka mbali, kama nyota. Mfano. Macho ya T. akinikasirikia kuhusu kuni mbichi. *Raniag*, neno la kwetu Ilocos, nuru inayojaa mahali pote. Mfano." Tatay alisita. Alisoma kimya kwanza, midomo ikicheza. "Mfano. Nyumba hii T. akiwemo. Akienda sokoni, lisitumike."

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya juu kabisa. Uso ulikuwa unaniwaka moto mpaka masikio, na sikuthubutu kumtazama, halafu nikathubutu. Alikuwa ananitazama tayari. Msomi wangu wa Manila alikuwa mwekundu kama pilipili, na hakuyaondoa macho.

"Huyo T. ni nani?" aliuliza Mang Duroy, na mkewe akampiga kofi la mgongo.

Tatay alipekua kurasa. Alipekua tena. "Yote ni hivi?"

"Kamusi nzuri inahitaji mifano," Teryo alisema kwa sauti ndogo. "Kila neno lazima liwe na mfano kutoka kwenye maisha. Nilikuwa naandika nilichokiona."

"Na hukujua unaposa!" Sauti hiyo ilikuwa ya Lola Upeng. Alikuwa dirishani muda wote, tambuu shavuni, amestarehe kama mtu aliyelipia kiti. "Daftari zima anaposa, halafu anasema hajui! Shule za Manila hizo!"

"Mama, na wewe ulijua," Tatay alimgeukia.

"Mimi nilimwambia silitoi bure. Nilimdanganya wapi?"

Watu walicheka, lakini Tatay hakucheka. Alilifunga daftari, akalirudisha.

"Kuandika ni kuandika," alisema. "Mwanamume anapotumikia nyumba, anaweka jasho lake akijua kwa nini. Wewe hukujua. Siku zile ulizifanyia maneno, na maneno umepata. Kwangu mimi hujaposa hata siku moja."

Nanay alishusha mwiko. Niliona Tatay ameshinda, na kwamba yeye mwenyewe hakufurahia kushinda.

Teryo alivuta pumzi. Alikwenda mpaka kwenye mzega wake, akayainua yale madebe moja baada ya jingine, na mbele ya watu wote akayamwaga. Maji yalikimbia mpaka kwenye viatu vya Tatay.

"Ni kweli, mzee wangu," alisema. "Siku thelathini na tisa zile, zifute. Leo ni siku ya kwanza. Leo najua. Kisima cha chini, kama zamani, na kama una kisiki kingine nionyeshe kilipo. Shule ya mjini inatafuta mwalimu, nitaomba. Sina haja ya kumpeleka Trining mbali na wewe. Siku arobaini. Ukitaka themanini, sema themanini."

Mang Duroy alivua kofia. Nilimwona mama mmoja anajifuta macho kwa nguo mbichi. Nami, ambaye ningepaswa kububujika kwa furaha kimyakimya kama binti aliyefundwa, nilisimama pale juu ya ngazi.

"Sitaki!" nilisema.

Hata kuku walinyamaza. Teryo alinigeukia, na maumivu niliyoyaona usoni mwake yalinifanya niteremke ngazi mbio, peku, mpaka kwenye tope la maji yake.

"Sitaki aanze upya," nikasema, na sasa nilikuwa namwambia Tatay, uso kwa uso, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nizaliwe. "Tatay, yeye hana kosa. Aliyejua ni mimi. Aliyenyamaza ni mimi. Kila asubuhi nilimwona anapanda ngazi zile za mawe na mabega yamechubuka, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka kumwona. Amesema kweli, mtu anaulizwa. Kama katika ua huu kuna mtu mwenye deni la jasho, ni mimi. Kwa hiyo nitalilipa. Nakwenda Ilocos, kwa mama yake. Nitamtekea maji siku thelathini na tisa, nitamchanjia kuni, nitamtwangia mpunga, na nikimaliza, mama yake akiniona nafaa, nitamposa mwanawe."

"Yesu na Maria!" Nanay aliketi chini pale pale alipokuwa amesimama. "Binti yangu akachanje kuni! Kwa watu! Mwanamke akaposa!"

"Na shoka najua kulishika. Mnajua najua."

"Karyo, sema kitu! Atakwenda kweli huyu! Unamjua, akisema kitu!"

Tatay alinijua. Alinitazama mimi na miguu yangu yenye tope, akamtazama Teryo, ambaye mdomo ulikuwa wazi na hakuna msomi aliyebaki ndani yake, alikuwa kijana tu anayejaribu kutolia mbele ya watu. Pembe ya mdomo wa Tatay ilicheza. Aliizuia. Ikacheza tena.

"Kwa hiyo," alisema taratibu, "nisipokubali, nampoteza binti siku hizo zote, na kuni zangu nachanja mwenyewe."

"Ndiyo, Tatay."

"Na nikikubali?"

"Shule ya mjini ni mwendo wa nusu saa," Teryo alisema haraka. "Kuni nitachanja asubuhi, kabla ya kengele."

"Sijakuuliza wewe." Lakini alikuwa anacheka sasa, Tatay wangu, anacheka kwa pua, mabega yakitikisika, na macho yake yalikuwa na maji. Alimshika Teryo begani, pale palipochubuka, na kijana akajikaza asipige kelele. "Kile kisiki," Tatay alisema. "Mimi mwenyewe kilinishinda. Siku ulipokipasua nilirudi ndani nikamwambia mke wangu Benita, huyu sasa tutafanyaje? Muulize. Waandikie wazazi wako, mwanangu. Waje wapande ngazi hii mwezi ungali unakua."

Kelele zilizopigwa! Wanawake walirusha nguo mbichi juu, Sidra alimkumbatia Nanay pale chini alipokuwa, na Nanay, huku akilia, alianza kuhesabu nguruwe wangapi watatosha. Lola Upeng aliketi dirishani akitafuna tambuu yake na kuwaambia watu kwamba yeye aliyaona haya tangu siku ya shoka.

Teryo hakumsikiliza yeyote. Alikuja mpaka mbele yangu, kwenye tope, karibu kuliko alivyowahi kusimama.

"Kweli ungekwenda?" aliniuliza.

"Ningepanda basi la saa sita."

"Mama yangu ana kisima kirefu kuliko hiki."

"Ningekausha."

Alicheka, na kicheko kilikatika katikati. "Trining, leo wameulizwa watu wote isipokuwa wewe. Nami nilikulaumu kwamba hukuniuliza. Basi nakuuliza. Unanitaka?"

Kwetu binti haulizwi mbele za watu, na akiulizwa anatazama chini, na mama yake ndiye anayejibu. Kelele zilikufa. Wote waligeuka, Tatay na panga lake kiunoni, Mang Duroy na shingo ndefu, na nikaona Nanay anafungua mdomo kunijibia.

"Nakutaka," nikasema mimi, kwa sauti iliyofika mpaka kisima cha chini.